Kisukari huuma kikipuliza: maswali ya meza ya kupimia

Tukiweka meza ya kupima sukari nje ya soko, hapa Temeke, Dar es Salaam, foleni huanza kabla hatujafungua kopo la pamba. Kumpima mtu ni dakika moja. Mchana wote huishia kwenye maswali. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya kisukari, na haya ni yale yanayorudi kila tunapokaa.

Nesi, mimi siumwi popote. Unanitoboa kidole cha nini?

Wazee husema panya huuma huku akipuliza, ndiyo maana aliyelala haamki. Kisukari cha aina ya 2, kile cha ukubwani, kiko hivyohivyo. Kinaweza kukaa mwilini miaka mingi mtu anaendelea na biashara zake, kumbe kinakula polepole mishipa midogo ya damu ya macho na figo, na mishipa ya fahamu ya miguu. Dalili zinazojulikana ni kiu isiyokwisha, kuamka usiku mara tatu nne kukojoa, kupungua bila sababu, macho kuona ukungu, fangasi za ukeni zinazorudi kila zikitibiwa, au sisimizi kujaa mahali mtu alipokojoa. Mara nyingi zikitokea, sukari imeshakaa juu muda mrefu.

Mwaka 2021 Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria kuwa Afrika ya kusini mwa Sahara ina watu wazima milioni 24 wenye kisukari, na zaidi ya nusu yao hawajui kuwa wanacho. Kwa hiyo ukiniambia huumwi, nakuamini, na bado nakuomba kidole.

Usikose kupima ikiwa umefika miaka 40, kitambi kimeongezeka, una presha, mzazi au ndugu yako wa tumbo moja ana sukari, ulipata sukari ukiwa mjamzito, au uliwahi kujifungua mtoto wa kilo 4 na zaidi. Na mwenye kifua kikuu naye apimwe sukari, kwa sababu kisukari huongeza hatari ya kuugua TB mara 2 hadi 3. Mjamzito amwombe mkunga kipimo hiki kliniki, hasa kati ya wiki ya 24 na ya 28.

Nimepimwa hapa nimeambiwa 8.4. Ndiyo nina kisukari?

Namba hiyo ni milimoli za sukari kwa lita moja ya damu, na maana yake inategemea umekula saa ngapi. Kama ulitoka kunywa chai na chapati mbili, 8.4 haitoshi kusema una kisukari, lakini haitoshi pia kurudi nyumbani ukasahau. Tunakwambia uje asubuhi hujala chochote kwa saa 8 au zaidi. Maji matupu unaruhusiwa. Kwa kipimo hicho cha njaa, 7.0 kwenda juu ni kisukari, na kama huna dalili kipimo hurudiwa siku nyingine kuthibitisha. Kati ya 6.1 na 6.9 uko mlangoni: bado hujaugua, lakini mwili umeanza kushindwa kuituliza sukari. Mtu aliyekwisha kula, mwenye kiu na mikojo, akisoma 11.1 au zaidi, hapo hatuna shaka tena.

Hao walio mlangoni ndio ninaowashikilia mkono wasiondoke haraka. Mwaka 2002 Marekani ilitolewa ripoti ya utafiti mkubwa juu ya watu wa namna hiyo. Waliopunguza uzito kwa asilimia 7 na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformini, dawa ya kushusha sukari, walipunguza kwa asilimia 31. Yaani miguu ilishinda vidonge. Kwa mama wa kilo 85, asilimia 7 ni kilo 6 hivi. Dakika 150 ni nusu saa ya kutembea haraka, siku 5 za wiki, na kutembea kwenyewe kuwe kule kwa mtu anayewahi daladala.

Kisukari si kinaletwa na kula sukari? Mimi chai yangu haina sukari.

Wengi hukwama hapa. Kisukari maana yake mwili hauna insulini ya kutosha, au insulini iliyopo haifanyi kazi yake sawasawa. Insulini hutoka kwenye kongosho, na ndiyo inayoifungulia sukari mlango iingie kwenye chembe za mwili iwe nguvu. Ikikosekana, sukari hubaki ikizunguka kwenye damu. Na sukari hiyo haitoki kwenye kijiko cha chai peke yake. Ugali, wali, chapati, muhogo, viazi, ndizi: vyote tumboni hugeuka sukari.

Kinachotuletea hali hii ni mchanganyiko wa urithi, uzito hasa wa tumboni, na maisha ya kukaa. Utafiti uliofanywa vijijini Tanzania miaka ya 1980 ulikuta kisukari kwa takriban mtu 1 kati ya 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Damu zetu hazikubadilika kwa miaka hiyo. Kilichobadilika ni jembe, baiskeli na chakula.

Lakini soda nayo siisamehi. Chupa moja ya mililita 300 ina kama gramu 32 za sukari, sawa na vijiko 8 vya chai. Siku moja nilivipima vijiko hivyo mezani, kimoja kimoja, ndani ya glasi ya maji, nikamkaribisha kijana wa bodaboda anywe. Alikataa. Mkono wa pili alikuwa ameshika soda.

Basi nile dona? Nasikia dona haina neno.

Dona ni bora kuliko sembe, kwa sababu haikukobolewa na nyuzinyuzi zake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Ila dona ni mahindi vilevile. Nimeona mtu aliyeacha sembe akahamia mlima wa dona, na sukari yake haikushuka hata kidogo. Anayekula dona bado anatakiwa kupunguza.

Nikiwa kliniki huchukua sahani ya kawaida, hii ya bati, nikaigawa kwa kidole. Nusu nzima mboga za majani: mchicha, matembele, kisamvu, bamia, kabichi, kachumbari. Robo iwe maharage, dagaa, samaki, yai au nyama isiyo na mafuta mengi. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali au wali, na kipimo chake ni ngumi yako mwenyewe, si ya mumeo. Kwa nyumba zetu nyingi hii ni kuigeuza sahani juu chini, maana tumezoea ugali ujae na mboga iwe ya kuchovya. Habari njema ni kwamba fungu la mchicha halihitaji tajiri, na familia nzima inaweza kula sahani hiyohiyo. Sipendi kusikia mgonjwa anapikiwa chungu chake peke yake kama aliyetengwa.

Matunda kula, lakini tunda zima: chungwa moja, kipande cha papai, nusu ya embe kubwa. Juisi, hata ya nyumbani, ni matunda manne yaliyoshuka kwa mkupuo mmoja. Asali ni sukari.

Mwanangu, kuna dawa ya miti inayomaliza kabisa. Kwa nini hospitali mnatuficha?

Bibi, hatufichi. Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha dawa ya mti cha Babu, mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, shilingi 500 kikombe. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na watu walitoka hadi nchi jirani. Siwalaumu waliokwenda. Aliyechoka kumeza vidonge kila siku ana haki ya kutamani siku moja viishe. Ila wapo waliorudi wakaweka dawa zao kando, na sukari haikuwasikiliza.

Mlonge, mdalasini na mwarobaini, baadhi yake huweza kushusha sukari kidogo, lakini hakuna aliyepima kikombe chako kina nguvu kiasi gani, na ukichanganya na vidonge sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Kama unatumia, niambie. Sitakugombeza. Ninachoogopa ni kutojua.

Na lile la kwamba vidonge vinaharibu figo: kinachoharibu figo ni sukari yenyewe ikikaa juu, pamoja na presha. Tunapima figo ili tujue dozi ya kukupa. Metformini ikikuvuruga tumbo, imeze pamoja na chakula, na ukishindwa rudi tuirekebishe. Usiiache kimyakimya.

Nimeambiwa nianze sindano. Ndiyo mwisho wangu?

Kabla ya insulini kugunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921, mtoto mwenye kisukari cha aina ya 1, kile ambacho kongosho halitoi insulini, alikuwa akisubiri kufa. Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa akiwa taabani, akaishi miaka 13 zaidi. Kwa mtu mzima, kongosho huchoka kadiri miaka inavyokwenda, na sindano ni kumwongezea kile alichopungukiwa. Anayeonekana kufa baada ya kuanza sindano mara nyingi aliichelewesha mpaka figo zikaisha.

Wasio na friji huuliza waiweke wapi. Chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa nyuzi 2 hadi 8, isigande. Hiyo unayoitumia inakaa nje wiki 4, mbali na jua, jiko na dirisha la gari. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walilichunguza jambo hili kwa kufuata joto la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya, na mwaka 2021 wakatangaza kuwa insulini iliyokaa wiki 4 kwenye joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu yake. Mtungi wa udongo wenye mchanga mbichi, kopo lenye insulini likawekwa katikati, husaidia sana. Bibi zetu walipozea maji humo.

Mwezi mtukufu unakaribia na mimi natumia dawa. Nifunge?

Njoo kliniki wiki 6 hadi 8 kabla, si siku ya mwandamo. Wengine wanafunga salama baada ya kubadilishiwa muda na kiasi cha dawa. Wengine, kama mjamzito anayedunga insulini, mwenye figo mbovu, au aliyezimia hivi karibuni kwa sukari kushuka, tunawasihi wasifunge, na dini yenyewe imemruhusu mgonjwa. Kupima sukari kwa kidole hakufunguzi. Wanazuoni wameshalieleza hilo. Ukisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6, fungua hapohapo, hata kama adhana imebaki dakika kumi. Daku liliwe usiku sana karibu na alfajiri, na futari isianze na kaimati na tambi za sukari. Tende moja au mbili, maji, kisha chakula.

Mwezi wowote, mtu wa dawa akitetemeka, kutoka jasho jembamba, moyo kumwenda mbio au kuanza kusema ovyo, sukari imeshuka. Mpe vijiko 3 hadi 4 vya sukari kwenye maji au nusu glasi ya juisi, subiri dakika 15, pima tena, kisha ale. Akiwa amezimia usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali.

Mtoto mdogo anaweza kupata?

Anaweza, na huyu hana muda wa kusubiri. Mtoto anakunywa maji bila kutosheka, aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani ameanza tena, anakonda, kisha anatapika na kupumua kwa nguvu. Watu hudhani malaria. Kila mtoto wa namna hii atobolewe kidole siku hiyohiyo. Mzazi, kiombe kipimo hicho kwa jina: kipimo cha sukari.

Mbona kila nikija kliniki mnanivua viatu?

Kwa sababu ya panya yule wa mwanzo, na safari hii ni panya kweli. Madaktari wa Dar es Salaam waliwahi kuandika katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari waliofika na vidonda vya miguu, chanzo kikiwa kung'atwa na panya usingizini. Mguu ulishakufa ganzi, hawakuhisi. Chomeka chandarua chini ya godoro kila usiku. Kinazuia mbu, kinamzuia na panya.

Kila jioni tazama nyayo na katikati ya vidole. Kama huoni vizuri, mwite mjukuu. Osha, kausha, paka mafuta ila si katikati ya vidole. Usitembee pekupeku hata ndani. Usikanyage maji ya moto yenye chumvi, kwa sababu mguu usiohisi huungua hivihivi unaangalia. Sugu usizikate kwa wembe. Kung'uta kiatu kabla ya kuvaa. Kidonda, lengelenge au weusi wowote, kliniki siku hiyohiyo, hata kama hauumi, na hasa kama hauumi.

Mzee mmoja alikaa kwenye benchi letu akisubiri namba yake. Alipovua ndala, msumari ulikuwa umepenya soli hadi kisiginoni, damu imeshakauka. Alitembea nao tangu asubuhi. Tulipouchomoa na kuanza kusafisha, aliinama akatutazama, kama anayetazama mguu wa mtu mwingine.