Draiva ya Digrii 9 Haikupi Umbali

Swali limerudi, na kama kawaida limekuja na jibu lake: "Ndiyo kwanza naanza gofu, nataka draiva ya digrii 9 kwa sababu mpira unaoruka chini ndio unaofika mbali." Hapana. Kwa karibu kila anayeanza, hapana. Draiva ni fimbo ndefu ya kupigia mpira wa kwanza, na digrii hizo ni lofti, yaani mwinamo wa uso wake unaogonga mpira.

Umbali unatokana na vitu vitatu kulingana: kasi ya mpira, pembe unayoondokea na mzunguko wake wa nyuma. Wachezaji wa PGA Tour, mashindano ya wataalamu wa Marekani, kwa wastani wanapitisha kichwa cha draiva kwa zaidi ya maili 110 kwa saa, na kwa kasi hiyo mpira unaoondoka kwa digrii 11 unapaa bila shida. Wewe uko kwenye maili 80 au 90. Mpira wako unahitaji kuondoka kwa digrii 14 hivi, na zaidi kidogo kama kasi yako ni ndogo kuliko hapo, la sivyo unatua kabla haujamaliza safari. Kasi ikishuka, lofti ipande. Anza na 12. Kama duka lina 10.5 peke yake, chukua yenye shingo (maungio ya kichwa na mpini) ya kurekebishwa uiongeze. Namba iliyochapwa chini ya kichwa nayo usiiamini sana, maana lofti halisi mara nyingi hutofautiana nayo.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi ninalolisikia kuliko yote: "Lakini mipira yangu tayari inapaa mno, nikiongeza lofti si itapaa zaidi?" Tafadhali tazama jinsi mpira unavyoondoka, usitazame ulipofika juu tu. Ukiondoka chini, kisha katikati ya safari ukapanda ghafla na kudondoka karibu wima, tatizo ni mzunguko wa nyuma kupita kiasi. Mzunguko huo unakua kadiri pengo linavyopanuka kati ya mahali kichwa kinapoelekea na mahali uso unapotazama wakati wa kugonga. Anayeanza hujiongezea mzunguko kwa njia mbili: anashuka juu ya mpira kana kwamba ameshika ayani 7 (fimbo fupi ya chuma), au anagonga sehemu ya chini ya uso, ambako umbo la uso hushusha pembe ya kuondokea, na kichwa kinavyojipinda kwa mgongano huongeza mzunguko. Kununua digrii 9 hakuondoi hata kimoja kati ya hivyo.

Kinachosaidia ni hiki. Weka mpira mkabala na kisigino cha mguu wa mbele. Inua tii (kijiti cha kuwekea mpira) mpaka nusu ya mpira ionekane juu ya kichwa cha draiva. Pulizia uso poda nyepesi, piga mipira 10, kisha soma alama. Unataka ziwe katikati au juu kidogo ya katikati. Zikiwa chini, shughulikia tii na mahali pa mpira kwanza, pesa zikae mfukoni.

Nakiri kuna mahali ambapo ushauri wangu unayumba. Mtu anayeshuka sana juu ya mpira, ukimpa lofti zaidi unamwongezea na mzunguko, na kwa siku ya leo digrii 10.5 huenda ikampa yadi chache zaidi ya 12. Bado namwelekeza kwenye 12, kwa sababu mwezi ujao hatakuwa anagonga vilevile, na kwa sababu ya slaisi, yaani mpira kupinda kwenda kulia kwa anayepiga kwa mkono wa kulia.

Slaisi inastahili hesabu. Tuseme uso umefunguka digrii 4 kuliko njia ya kichwa. Lile pengo la wima likiwa digrii 10, mhimili wa mzunguko unainama takriban digrii 22. Likiwa digrii 14, unainama takriban 16. Kosa ni lilelile, mkono ni uleule, lakini mpira unapinda zaidi sana katika hali ya kwanza kuliko ya pili, na kwa mtu anayetafuta fawei (njia ya nyasi fupi) tofauti hiyo ni kubwa. Lofti ndogo inakuza slaisi. Laiti wauzaji wangelisema hili kabla ya kusifia rangi ya kichwa.

Ukubwa wa kichwa: sentimita 460 za ujazo, kiwango cha juu kinachoruhusiwa, chukua hicho. Kama uzito unahamishika, upeleke nyuma na upande wa kisigino.

Urefu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Draiva nyingi za dukani zina inchi 45.5 au 46, na kila inchi inafanya katikati ya uso kuwa pagumu zaidi kupatikana. Shika inchi moja chini ya kawaida, piga mipira 20 yenye poda. Alama zikikusanyika, umepata urefu wako. Usikimbilie kukata shafti, yaani mpini, kwani inchi moja inapunguza uzito wa bembea (jinsi kichwa kinavyohisika kizito unapozungusha fimbo) kwa pointi 6 hivi, na utahitaji takriban gramu 12 kichwani kuurudisha.

Ugumu wa shafti sitaupa nafasi kubwa. Herufi R (ya kawaida) na S (ngumu) hazina kipimo cha pamoja, kwa hiyo R ya kampuni moja yaweza kuwa S ya nyingine. Kuhusu uzito wake, hata sisi tunaofanya kazi hii hatuwezi kutabiri kwa jedwali: shafti nyepesi humwongezea mmoja kasi na kumvurugia mwingine mwendo. Jaribu gramu 50 na 60 kwa mikono yako, uangalie alama za poda.

Kuhusu shingo ya kurekebishwa, kumbuka kwamba ukiongeza lofti, uso nao unajifunga kidogo unapoulaza chini, jambo linalomsaidia mwenye slaisi. Kaza kwa spana yake mpaka ilie, na ufanye hivyo kabla ya kuanza raundi, kwa sababu Kanuni ya 4.1a ya gofu inakataza kupiga kwa fimbo uliyobadilisha mpangilio wake makusudi katikati ya raundi.