Kijasho chembamba, au kwanini tunaogopa kusoma tulichoandika zamani

Juzi nilikuwa natafuta faili fulani kwenye fleshi ya zamani nikakutana na hadithi niliyoandika nikiwa na miaka 22, nikasema ngoja nichungulie kidogo tu. Aya ya kwanza, kijasho chembamba kinamtoka mhusika. Ya pili, moyo unamwenda mbio. Ya tatu machozi yanamtiririka njia mbili mbili, na hapo hata hatujaambiwa jamaa anaitwa nani wala kafanywa nini. Nikafunga laptopu nikatoka nje kupunga upepo.

Mimi ni mhariri, miaka kumi na kitu sasa nasoma miswada ya watu, kwa hiyo hii aibu naijua kotekote, yangu na ya wateja. Na kuna kitu nimekiona tena na tena: kazi inayouma zaidi siyo ile ya zamani zaidi. Mtu mwonyeshe shairi aliloandika akiwa na miaka 14, atacheka, atakusomea kwa sauti na mbwembwe juu, maana yule ni mtoto tu na mtoto tunamsamehe. Sasa mtolee ile ya miaka minne iliyopita, ile aliyosifiwa nayo, aliyomtumia kila mtu kwenye simu yake. Ananyamaza. Ile makosa yake ni ya mtu mzima, na mengine bado anayo mpaka leo, kayaficha vizuri zaidi tu.

Nikieleza navyoelewa mimi, unapoandika kichwani unakuwa na picha nzima, unamuona mtu kasimama mlangoni, unasikia hata anavyohema, halafu unaandika neno lolote lililo karibu na hilo neno linakutosha kabisa kwa sababu picha unayo wewe. Miaka ikipita picha inafutika. Ukirudi unakuta maneno matupu, na kwa mara ya kwanza unaisoma kazi yako kama mtu baki, yaani unaona alichokuwa anaona msomaji siku zote ila wewe ulikuwa hukioni. Kile kijasho chembamba mi sikukitunga, nilikiokota, kilikuwa kimeshatumika kwenye hadithi mia kabla yangu, lakini siku ile niliona mtu kabisa anatoka jasho! Na ndiyo maana ukisoma mswada wiki moja baada ya kuumaliza huoni kitu, picha bado mbichi.

Dalili nyingine za uandishi mchanga wengi mnazijua. Kila mtu "anafoka", "ananguruma", "anabwata", hakuna anayesema tu. Methali tatu kwenye ukurasa mmoja. Ila inayonikera kuliko zote ni kueleza kitu ambacho umeshakionyesha: "Alikaa kimya akiutazama mlango. Alikuwa na huzuni kubwa sana moyoni mwake." Sentensi ya pili ya nini? Msomaji alishaelewa kwenye mlango, wewe ndiyo hukumuamini. Nadhani nusu ya kuboreka kwa staili ni hicho tu, kuanza kumuamini msomaji, na ndiyo maana kazi za kwanza za watu zinakuwa ndefu ndefu.

Sasa ukishaona aibu unafanyaje. Kuna wanaochoma, kwa maana ya kuchoma kweli na moto. Nikolai Gogol, yule mwandishi wa Urusi, alitoa utenzi wake wa kwanza mwaka 1829 kwa jina la uongo, akiwa na miaka 20, wahakiki wakaushambulia, akazunguka kununua nakala zilizobaki akazitia moto. Siku hizi tunadilete, ni rahisi zaidi na ndiyo tatizo lenyewe, maana Gogol angalau alitembea njia nzima ana muda wa kufikiria. Mimi nawaambia watu ficha, usifute.

Halafu kuna wanaoandika upya, na hapa ndipo naposhikana na wateja. Henry James, mwandishi wa riwaya mzaliwa wa Marekani, alifanya hivi kwa kiwango kikubwa, kati ya 1907 na 1909 alitoa mkusanyiko wa riwaya zake amezipitia upya, riwaya aliyoichapisha 1881, The Portrait of a Lady, anairekebisha kwa mkono wa mzee wa miaka 60 na kitu, sentensi zimerefuka zimejikunja, na mpaka leo wasomaji wamegawanyika, wako wanaopenda ile ya kijana kuliko hii ya bingwa. Mi nina mteja mmoja, alitaka kitabu chake kichapwe tena akaomba miezi miwili akipige msasa. Kilirudi safi, hakuna koma iliyokaa vibaya, ila kimekufa. Ikabidi tuziweke kopi mbili pembeni kwa pembeni tukatafute kilichokufa ni nini, tukakikuta: msimulizi ni binti wa miaka 19 anayeropoka, na sasa anaongea kama mama wa miaka 40 aliyesoma vitabu vingi. Yale "makosa" ndiyo yalikuwa sauti yake. Tukarudisha karibu yote.

Kwa hiyo nikipewa kitabu cha zamani narekebisha tahajia, jina la mhusika lililobadilika ghafla ukurasa wa 60, tarehe zinazogongana, basi. Mapigo ya sentensi siyagusi. Isipokuwa hadithi yenyewe imebadilika, kama Tolkien, mwandishi Mwingereza, ambaye kitabu chake cha 1937, The Hobbit, kilikuwa na sura ya pete na mafumbo ambayo baadaye haikuendana na hadithi kubwa aliyokuwa anaiandika, The Lord of the Rings, akaibadilisha kwenye toleo la 1951. Alikuwa anaziba tundu kwenye hadithi. Ukiniambia unabadilisha kwa sababu unaona aibu nitakuuliza maswali mengi.

(Halafu kuna wale ambao kila kazi yao wanaiita takataka mbele za watu. Wengine wanatafuta tu uwaambie hapana bwana, ile ilikuwa nzuri.)

Ile ya kwenye fleshi nilirudi kuimaliza siku ya pili, nikiwa nimejikaza. Kurasa nane ni jasho na machozi mtupu. Ya tisa nikakuta hii: "Mtoto alihesabu viatu mlangoni, akajua baba hajarudi." Hamna moyo kwenda mbio, hamna chochote, na sikumbuki kabisa niliitoa wapi. Leo nikiiandika nadhani ningeongezea kitu nikaiharibu. Nimeikopi nikaipeleka kwenye drafti ninayoifanyia kazi sasa hivi, nimeshaihamisha sehemu tatu na bado haijakaa.