Video Imelala: Kabla Hujaigeuza, Jua Nani Kadanganya

"Mwanangu, bibi kalala."

Ilikuwa saa tatu usiku. Aliyepiga ni mama mmoja niliyemrekodia harusi ya binti yake hapa Tanga, na hata shikamoo yangu hakuiitikia. Nikanyamaza kwanza, maana habari ya namna hiyo ikimhusu mtu wa miaka 80 huiulizi kwa pupa. "Kwenye televisheni!" akasema. "Watu wote wamesimama vizuri, ikifika zamu ya bibi kumpa mkono mjukuu wake, kalala ubavu."

Klipu ile sikuipiga mimi. Ilitoka kwenye simu ya mjomba wa bibi harusi. Niliinakili kwenye flashi kama ilivyo, pamoja na nyingine kumi na kitu za wageni, zifuate baada ya video yangu kubwa. Kwenye laptopu yangu bibi alikuwa wima. Kwenye simu ya mjomba, wima. Kwenye televisheni yao, faili lilelile, kalala.

Hapo ndipo wengi hukimbilia kugeuza, na ndipo wanapoharibu. Kitambuzi cha picha kilichomo ndani ya simu hakizunguki. Kimefungwa mahali pake, na ukishika simu wima chenyewe kinaendelea kuchukua picha ya ulalo, pikseli 1920 kwa 1080, na watu wote wamelala ndani yake. Kinachowasimamisha ni kama kikaratasi ambacho simu inakibandika ndani ya faili: "utakayeonyesha, zungusha nyuzi 90." Kwenye mafaili ya MP4 na MOV kikaratasi hicho ni jedwali dogo la namba tisa, limekaa mwanzoni mwa maelezo ya picha. Programu inayolisoma inakuonyesha bibi wima. Isiyolisoma, na televisheni zinazocheza flashi zipo nyingi za hivyo, inakuonyesha kilichorekodiwa hasa.

Kwa hiyo kuna video ambayo kikaratasi chake ni sahihi ila kifaa hakikisomi, na kuna video ambayo kikaratasi chenyewe ni cha uongo. Dawa zake si moja.

Kikaratasi cha uongo nimekutana nacho zaidi kwenye hina. Bibi harusi kakaa mkekani, mikono kaiweka mapajani, fundi anamchora piko, na shoga yake amesimama juu yao na simu kailaza kabisa, kioo kinatazama dari. Simu inajua imeshikwa vipi kwa kuhisi mvuto wa dunia unaivutia upande gani. Ukiilaza hivyo, mvuto unapita mgongoni mwake, si upande wa juu wala wa pembeni, basi inabaki kubahatisha. Halafu inaamua mara moja tu, pale unapobonyeza kitufe cha kurekodi. Ukiigeuza baadaye katikati ya kazi, kikaratasi hakibadiliki. Ndiyo maana nawaambia mashoga wote: simamisha simu kwanza, anza kurekodi, kisha ndipo uishushe juu ya mikono. Sekunde mbili za mwanzo nitazikata mimi.

Kumjua mwongo ni rahisi. Fungua klipu kwenye simu, kwenye VLC ya kompyuta (programu ya bure ya kucheza video), kisha kwenye televisheni. Zikipishana, kikaratasi kipo na kuna mmoja asiyekisoma. Zikikubaliana kwamba imelala, basi imelala kweli na utaigeuza kwa mkono wako. Mjomba akikutumia kwa WhatsApp, mwombe aitume kama hati badala ya video ya kawaida, upate faili lenyewe lisilokamuliwa.

Sasa kugeuza. Laptopu nyingi za mtaani kwetu bado zina Windows Movie Maker, programu ya zamani ya kuhariri video, na kwa kazi hii haina shida: chagua klipu, pale juu kuna vitufe viwili vya mishale iliyopinda, kimoja kushoto na kimoja kulia. Lakini kama huna, usiitafute. Microsoft waliiacha rasmi tarehe 10 Januari 2017, na mwaka huohuo matapeli walisambaza nakala bandia inayodai malipo ndipo ikuruhusu kuhifadhi kazi yako. Windows 11 inakuja na Clipchamp. Mimi natumia Shotcut, ni ya bure na haihitaji bando ikishakuwa ndani. Unaweka klipu kwenye taimulaini, ule mstari wa kupangia klipu, unaongeza kichujio cha ukubwa, mahali na mzunguko, unaandika 90 au 270, basi.

VLC nayo inageuza: Ctrl na E, kisha kichupo cha jiometri. Ila inageuza macho yako tu, faili haliguswi. Kila mwezi kuna mtu ananiambia aligeuza video jana na leo imelala tena.

Alama yangu ya kutofautisha ni saa. Ukigeuza video ya dakika kumi ikamalizika kabla hujapepesa, ujue kilichobadilishwa ni kikaratasi tu. Hiyo ni nzuri kwa ubora, hakuna pikseli iliyopotea, lakini kwenye televisheni kama ya yule mama haisaidii kitu. Ikichukua dakika kadhaa na feni ya laptopu ikaanza kulia, picha imesukwa upya, yaani kila fremu imeandikwa upya, na imesimama moja kwa moja. Ubora unapungua kidogo kila unaposuka, kwa hiyo geuza mara moja, kwenye faili la asili, pamoja na makato mengine yote. Wanaotumia ffmpeg, programu ya kushughulikia video kwa kuandika amri, wasisahau kwamba siku hizi inasoma kikaratasi yenyewe kabla ya kusuka. Ukiongeza transpose=1, amri ya kugeuza nyuzi 90, kwenye klipu ambayo kikaratasi chake kilikuwa sahihi, umemgeuza bibi mara mbili, na kalala tena.

Ukishasimamisha, unakutana na swali la fremu. Klipu ya wima ndani ya fremu ya televisheni ya 1920 kwa 1080 inabaki na upana wa pikseli kama 608 tu, chini kidogo ya theluthi. Pembeni ni giza. Ukiikuza ijae, unaikuza zaidi ya mara tatu, na hapo unakata kichwa au miguu. Mtindo wa kujaza pembeni kwa picha ileile iliyotiwa ukungu siupendi, jicho linahangaika. Klipu zikiwa nyingi naziweka tatu sambamba: 608 mara tatu ni 1824, zinaingia na nafasi nyembamba inabaki. Mama anapiga vigelegele kushoto, biharusi anatoka katikati, watoto wanacheza kulia. Kama video ni ya stetasi tu, anza na fremu ya wima 1080 kwa 1920 tangu unafungua kazi, usijitese.

Kuna pia video iliyoinama tu, si kulala. Bahari ya Raskazone nyuma ya maharusi imemwagikia upande mmoja. Hapo unazungusha nyuzi mbili tatu, lakini pembe zinaacha weusi, na lazima ukuze kuzificha. Kwa nyuzi 3 ni kama asilimia 9, kwa nyuzi 5 asilimia 15. Zaidi ya hapo mimi huiacha bahari imwagike.

Na ukiona maandishi ya kanga yanasomeka kinyumenyume, hilo si la kuzungusha. Ni kamera ya mbele imerekodi kama kioo. Tafuta kitufe cha kupindua kushoto kulia, utasoma jina la kanga vizuri.

Klipu za wageni nilizisuka upya zote kwenye fremu ya televisheni, nikarudisha flashi Jumamosi. Bibi mwenyewe alikuwepo sebuleni. Akajitazama amesimama wima kabisa, giza kushoto, giza kulia, akanigeukia: "Mjukuu wangu, sasa mbona mmeniweka mlangoni?"