Kulinda seli za ubongo: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana: Mtafiti akishagundua kitu, dawa iko njiani.

Njia hiyo inaweza kumaliza umri wa mtu. Mwaka 1938 Italia ilipitisha sheria za kuwabagua Wayahudi, na mtafiti Rita Levi-Montalcini akafungiwa milango ya chuo kikuu. Aligeuza chumba chake cha kulala, mjini Turin, kuwa maabara, akawa anachunguza neva za viinitete vya kuku. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa St. Louis, Marekani, alibaini kuwa kuna kitu kinachozikuza neva na kuziweka hai: protini iitwayo NGF. Nobel ilimfikia 1986, akiwa na miaka 77.

Matumaini yote yakaelekezwa kwenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Miaka ya 1990 wagonjwa wachache mno walipewa protini hiyo ndani ya ubongo. Wakaumwa mgongo bila kupumzika, baadhi wakakonda. Dawa iliyotokana nayo hatimaye iliidhinishwa Ulaya 2017 na Marekani 2018, na ni ya matone ya macho, kwa konea (utando angavu wa mbele ya jicho) iliyopoteza hisia! Mgunduzi alikuwa amefariki tangu 2012.

Dhana: Kilichookoa ubongo wa panya kitaokoa na wa mtu.

Hapa ndipo habari za magazeti hutudanganya zaidi. Mwaka 2006 watafiti walihesabu tiba 1,026 za kiharusi zilizojaribiwa maabara. 114 tu ndizo zilizofikia wagonjwa, na nyingi ziliishia hapo. Mojawapo, dawa iitwayo NXY-059, ilitia moyo katika jaribio lake la kwanza kubwa. La pili, lenye wagonjwa zaidi ya 3,000, halikuonyesha faida yoyote.

Sababu haihitaji kutafutwa mbali. Panya wa maabara mara nyingi ni kijana, mzima, na dawa huipata mapema. Mgonjwa wa kiharusi huwa mzee, ana presha, pengine na kisukari, na hufika hospitali saa kadhaa zimeshapita.

Dhana: Kusahau ni uzee tu.

Auguste Deter, mgonjwa aliyemfanya Alois Alzheimer, daktari ambaye ugonjwa huo una jina lake, ajulikane, alikuwa na miaka 51 alipolazwa Frankfurt mwaka 1901.

Dhana: Dawa mpya zimeshaishinda Alzheimer.

Lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani 2023, huondoa amiloidi, protini inayorundikana katika ubongo wa mgonjwa. Katika jaribio lake kuu, kudhoofika kwa wagonjwa kulipungua kasi kwa asilimia 27 ndani ya miezi 18. Si haba, lakini kumbukumbu iliyopotea hairudi, na ubongo unaweza kuvimba au kuvuja damu. Mimi naiita hatua, siiiti tiba.

Kwa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili, hali inafanana. Dawa ya levodopa, inayotumika tangu miaka ya 1960, huziba pengo la dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea, na mgonjwa aliyekuwa amekakamaa huweza kuinuka akatembea. Lakini seli zinazotengeneza dopamini hiyo zinaendelea kufa.