Maana ya kupogolewa kwa sinapsi

Mkulima wa kahawa wa Mbozi akishamaliza kuvuna huingia shambani na mkasi, akaondoa maotea na matawi yaliyochoka ili nguvu ya mbuni iende kwenye matawi yatakayozaa. Ubongo nao hupogolewa. Sinapsi ni kiungo ambacho seli moja ya neva hupitishia taarifa kwa nyingine, na mtoto mdogo huwa nazo nyingi kupita kiasi: daktari wa neva Peter Huttenlocher, aliyezihesabu kwa hadubini na kuchapisha matokeo yake mwaka 1979, alikuta kwamba katika sehemu ya mbele ya ubongo msongamano wake kwa mtoto wa mwaka mmoja au miwili unamzidi mtu mzima kwa takriban asilimia 50. Zisizotumika sana huondolewa, na katika sehemu hiyo ya mbele kazi huendelea hadi ujana.

Umri huo ndio unaowavuta watafiti. Skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aamini yasiyokuwepo, huanza zaidi mwishoni mwa ujana au mwanzoni mwa utu uzima; kijana wa kidato cha tano aliyekuwa akiongoza darasani anaanza kujibu sauti ambazo wenzake bwenini hawazisikii, na nyumbani, huku kwetu Mbeya, neno linalotangulia mara nyingi ni kulogwa. Mwaka 1982 mtafiti Irwin Feinberg alipendekeza kuwa huenda upogoaji wenyewe umekwenda kombo. Lilikuwa wazo tu.

Mwaka 2016 watafiti wa Boston, wakiwamo Steven McCarroll na Beth Stevens, walichapisha uchunguzi wa jeni iitwayo C4 kwa watu karibu 65,000, wagonjwa na wasio wagonjwa. Protini za C4 zinajulikana kwa kinga ya mwili: hubandika alama kwenye vijidudu ili viliwe. Katika panya ilionekana kuwa C4 inashiriki pia kuondoa sinapsi, ambazo huliwa na mikroglia, yaani seli za kinga za ubongo, na watu wenye aina za jeni zinazozalisha zaidi C4A, mojawapo ya protini hizo, walikuwa na hatari kubwa zaidi ya skizofrenia.

Hapa mfano wa kahawa unakoma, kwa sababu mkulima huchagua tawi kwa macho yake. Tena C4 ni jeni moja kati ya nyingi, na wengi walio na aina hiyo hawaugui kamwe. Dawa anazopewa kijana yule hospitalini hufanya kazi zaidi kupitia dopamini, kemikali inayopitisha taarifa kati ya seli za neva. Hazikutengenezwa kwa ajili ya mkasi huu.