Hela huna? Njoo na stepla

Kila ikifika Desemba napata meseji zilezile, "kaka mwaka huu mambo magumu, kituoni sitaweza kuchangia". Mimi mhasibu, ugali wangu unatoka ofisini Posta, ila Jumamosi mbili za kila mwezi nashika vitabu vya kituo kimoja cha watoto huku Mbagala, silipwi na sijaomba. Sasa ngoja niseme kitu ambacho wenye vituo hawawezi kukwambia, wanaogopa utanuna. Desemba wala hawakuhitaji sana. Desemba na Ramadhani wageni wanapishana getini, mchele, sabuni, soda, watoto wanaimba "karibuni wageni" mpaka sauti zinakauka. Njoo Februari uone, getini yupo mlinzi na paka.

Siku ya kwanza nilipofika mama mlezi alinitolea boksi la viatu. Ndani risiti za mwaka mzima, zimefungwa rababendi, nikafurahi kweli. Nikachomoa ya kwanza, nyeupe. Ya pili nyeupe, ya tatu unaona kivuli cha "jumla" basi. Risiti za EFD, zile mashine za risiti za kodi, hazina wino, karatasi yenyewe ina dawa inayobadilika rangi kwa joto la mashine ndo yanatokea maandishi, kwahiyo ukiiweka sehemu ya joto inaharibika, na boksi lilikuwa juu ya kabati la jikoni. "Mwanangu, zote nimetunza," akaniambia. Na kweli katunza, sikuwa na la kumjibu.

Tukaanza upya. Risiti ikiingia inatolewa fotokopi siku hiyohiyo, inapigwa stepla kwenye vocha ya malipo, vocha inasema tarehe, kalipwa nani, ya nini, nani kaidhinisha. Mama wa mchicha na wa bodaboda hawana mashine, sawa, wasaini vocha na waandike namba ya simu. Hamna cha ajabu hapo, daftari la mia mia za vikoba lina akili hiyohiyo, ila ilituchukua karibu miezi miwili watu kuzoea, maana dada wa manunuzi alikuwa anaona kama namshuku (mpaka leo kuna siku ananiangalia vibaya).

Kwanini nakomaa na makaratasi wakati kuna watoto wa kucheza nao? Kwa sababu kituo kikisajiliwa kama NGO, sheria ya mwaka 2002 inakitaka kila mwaka kitoe taarifa ya kazi zake na hesabu zilizokaguliwa. Mkaguzi akikuta boksi la viatu siku za kazi zinaongezeka na bili inapanda, kituo kinashindwa kumlipa, mwaka unapita bila ripoti. Halafu anakuja mfadhili wa maana, kitu cha kwanza anaomba hizo ripoti. Unaona hela zinavyopotea, na hakuna aliyeiba hata mia. Na wala mimi siwezi kuwakagua, aliyeandika vitabu hajikagui mwenyewe, na keshi siigusi kabisa, hata kumshikia mtu elfu kumi sikubali.

Kodi nayo. Wengi wanaamini ukiwa NGO hudaiwi kodi, sio kweli, kutambulika TRA, mamlaka ya mapato, kama taasisi ya hisani unaomba, cheti cha usajili peke yake hakitoshi. Na hata ukitambuliwa, mpishi anayelipwa zaidi ya 270,000 kwa mwezi lazima akatwe PAYE, yaani kodi ya mshahara, na mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, angalau nusu yake anaitoa mwajiri. Nimeona kituo kimekaa miaka na hili deni bila kujua, na mtu wa kuwaambia alikuwa anakuja kila Krismasi na katoni za juisi, yeye mwenyewe mtu wa kodi!

Fundi umeme, dereva mwenye leseni na Jumapili moja, mwanasheria wa kusoma mkataba wa pango, wote wanahitajika, sirefushi. Ila usije mara moja ukapotea. Kuna kijana aliwatengenezea tovuti nzuri tu, akahama mkoa na paswedi yake, miaka miwili tovuti inaonyesha namba ya simu iliyofungwa na watu wanapiga. Bora usingeianza.

Ukipiga simu kituoni usiulize "mnahitaji nini", utajibiwa mchele, ndo jibu walilozoea kutoa. Uliza kazi gani wanaiahirisha kila mwezi. Mimi nilipouliza hivyo mama alinyamaza, akacheka kidogo, akaburuta stuli mpaka kwenye lile kabati.