Wazawa wa dijitali: dhana na kasoro zake

"Wazawa wa dijitali" ni jina wanalopewa vijana waliozaliwa kompyuta na intaneti zikiwa zimeshaenea, kwa imani kwamba kukua nazo kunatosha kuwafanya wazijue. Lilivuma baada ya mwaka 2001, Mmarekani Marc Prensky alipoandika makala iliyowatenganisha na "wahamiaji wa dijitali", yaani watu waliokutana na teknolojia ukubwani.

Imani hiyo ndiyo yenye kasoro. Mwaka 2008 Sue Bennett na wenzake nchini Australia walipitia ushahidi uliokuwapo, wakaona hautoshi: vijana wa rika moja hutofautiana mno kwa ujuzi. Katika upimaji wa kimataifa wa ujuzi wa kompyuta uitwao ICILS, wa mwaka 2018, ulioshirikisha wanafunzi wa darasa la nane wa nchi kama Ujerumani, Ufaransa na Korea Kusini, asilimia 2 tu walifika ngazi ya juu kabisa.

Sababu mojawapo ni simu janja yenyewe. Imeundwa ili mtumiaji asihangaike: picha hujihifadhi, nenosiri hukumbukwa, faili hufunguka bila kuonyesha lilipo. Mtu anaweza kuitumia miaka kumi, tena kwa wepesi wa kustaajabisha, asijue folda, yaani kabrasha la kuwekea faili, ni nini. Akikabidhiwa kompyuta chuoni au kazini, pengo linajitokeza. Anafungua waraka moja kwa moja kutoka kwenye barua pepe, anauhariri saa nzima, anahifadhi, kesho yake hauoni. Nakala ile ilikuwa kwenye folda ya muda, si mahali alipoizoea. Kwenye lahajedwali (kama Excel) anajumlisha kwa kikokotoo cha simu, kisha anaandika jibu kwa mkono badala ya kuweka fomula inayojumlisha yenyewe. Tarakimu moja ikirekebishwa, jumla inabaki ya zamani na ripoti inaondoka na kosa. Huo si uvivu. Ni mambo ambayo hakuna aliyemfundisha, kwa kuwa kila mtu alidhani anayajua. Na kijana akishaambiwa "nyie ndio wataalamu wa haya mambo", kuuliza kunakuwa aibu.

Kwa hiyo msimamizi au mwalimu asiulize "unajua kompyuta?", maana karibu kila mtu atajibu ndiyo. Ampe kazi ya dakika 15: apakue faili, alibadilishe jina, alihamishie kwenye folda mpya, aligeuze kuwa PDF, kisha alitume kwa barua pepe likiwa kiambatisho, si picha ya skrini. Akae pembeni, asimshikie kipanya, aandike kila anapokwama. Anayekwama kwenye kiambatisho anahitaji kuelekezwa mara moja au mbili tu. Anayeshindwa kulipata faili alilolipakua mwenyewe aanzie kwenye folda na majina ya faili kabla ya programu nyingine yoyote, la sivyo kila atakachokitengeneza kitampotea.